Roketi ya maji ya chupa ya soda: mwongozo kamili wa kuitengeneza, kuipima na kuirusha kwa pampu

Mpwa wangu alinijia na bomba la plastiki la urefu wa mita moja, vali ya pikipiki, na ombi: "Mjomba, tutengeneze bunduki ya upepo." Sikumkatalia kazi ya upepo. Nilimkatalia lile bomba, na nilimkatalia mtutu. Siku ile ile tukaanza kutengeneza roketi ya maji, na hadi leo sijaona kazi nyingine ya mikono inayomfundisha kijana mambo mengi hivi kuhusu hewa iliyobanwa kwa vifaa vichache hivi.

Nieleze kwanza kwa nini nililikataa bomba, maana ndilo wengi wanaloanza nalo. Bomba la PVC la maji limetengenezwa kubeba maji. Ukigandamiza maji ndani yake likapasuka, maji yanamwagika na shughuli imeisha, kwa sababu maji hayabanwi. Hewa inabanwa kama springi: bomba likipata ufa, hewa yote inataka kutoka kwa mkupuo mmoja, na PVC haichaniki, inavunjika vipande vyenye ncha kali. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 1988, na watengenezaji wa mabomba nao wanasema hivyo hivyo: msijaze hewa humu. Jua likishalipiga kwa miaka, ndiyo balaa zaidi, linakuwa kavu kama biskuti.

Chupa ya soda ni kitu kingine. Plastiki yake inaitwa PET, na imezaliwa kubeba gesi. Soda iliyofungwa, ikipata joto la mchana, inaweza kuwa na presha ya kama psi 60 ndani (psi ni pauni kwa inchi ya mraba, kipimo kinachosomwa kwenye geji ya pampu), na chupa inatulia tu dukani. Ikizidiwa inanyumbuka kwanza, kisha inachanika. Tutarusha kati ya psi 30 na 60, na katika kurusha hatutavuka hapo hata siku moja.

Inavyofanya kazi

Chupa inajazwa maji theluthi moja, inageuzwa mdomo chini, kisha hewa inasukumwa ndani. Ukiiachia, hewa inayatoa maji kwa nguvu kupitia mdomoni, na maji yakienda chini chupa inakwenda juu. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton.

Mbona tusitumie hewa peke yake? Maji ni mazito kuliko hewa ya kawaida mara 800 hivi, kwa hiyo yanapotoka yanaisukuma chupa kwelikweli. Kwa psi 40 yanachomoka kwa kasi ya kama mita 23 kwa sekunde, na chupa inasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 20. Roketi yenyewe pamoja na maji haifiki hata kilo moja. Ndiyo maana jicho haliioni ikiondoka: unasikia mlio, unaona ukungu chini, na kitu kiko juu tayari.

Vifaa

Tafuta chupa tatu za soda za lita moja na nusu, zisizo na mkwaruzo wala mkunjo. Narudia, za soda. Chupa za maji ya kunywa ni nyembamba na hazikutengenezwa kwa presha. Niliwahi kujaribu moja kwa sababu ilikuwa karibu, ikapasuka kabla geji haijafika 40, na masikio yangu yalipiga kelele mpaka usiku.

Kwa roketi utahitaji pia mpira mkuukuu wa tenisi, mfuniko wa ndoo ya rangi au jalada gumu la faili la plastiki kwa ajili ya mapezi, na selotepu pana ya kufungia maboksi.

Kwa kirushio: bomba la chuma la nusu inchi lenye urefu wa sentimita 60, lenye nyuzi upande mmoja, elbo moja ya nusu inchi, nipo ya kuunganishia mpira, mpira wa upepo wenye tundu la milimita 8 na urefu wa mita 5, vali ya chuma iliyokatwa kwenye tyubu mbovu ya pikipiki, klipu nne za chuma za kukazia mpira, tai 10 za plastiki za kufungia nyaya, zile pana za milimita 5 hivi, kipande cha bomba la plastiki la inchi moja na nusu chenye urefu wa sentimita 7, oringi (pete nyembamba ya mpira ya kuzuia mvujo), tepu nyeusi ya mafundi umeme na tepu nyeupe ya mafundi bomba, ubao, vigingi vinne, na kamba ya mita 5 au zaidi. Pampu iwe ya kusimama, yenye geji. Pampu isiyo na geji iache, kwa sababu utakuwa unabahatisha.

Unapokwenda duka la vifaa vya ujenzi, nenda na chupa mkononi. Bomba la nusu inchi kwa nje ni kama milimita 21.3, na mdomo wa chupa kwa ndani ni karibu milimita 22. Zinaingiana vizuri sana, ila mabomba yanatofautiana kidogo. Mwombe muuzaji uchomeke bomba kwenye chupa hapo hapo. Likikwama kidogo tu kwa sababu ya rangi ya zinki, msasa utalimaliza. Likigoma kabisa, chukua jingine.

Hatua ya kwanza: kirushio

Watu wengi hurusha kwa kizibo cha mpira kilichotobolewa na kupachikwa vali. Unapampu mpaka kizibo kinachoka na chupa inaondoka yenyewe. Ni rahisi, lakini hujui itaondoka lini, na mara nyingi inaondoka wakati umeiinamia. Mimi sitaki kifaa kinachochagua chenyewe wakati wa kufyatuka. Cha kwetu kitaachia pale tu mtu anapovuta kamba.

Chukua bomba, lainisha ncha isiyo na nyuzi kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Hiyo ndiyo ncha ya juu. Pima sentimita 20 na nusu kutoka hapo, weka alama: ndipo oringi itakapokaa, na inahitaji mfereji. Mpelekee fundi wa kukereza vyuma bomba, oringi na chupa yako. Mwambie unataka mfereji ambao oringi ikikaa ndani, itokeze kiasi tu cha kuibana shingo ya chupa. Kazi ya dakika chache kwake. Usijaribu kuuchonga kwa tupa mkononi. Mfereji ukiwa na kina kisicho sawa, hewa itavujia pale penye kina kirefu na utatafuta kosa wiki nzima.

Sentimita 22 kutoka juu, zungusha tepu nyeusi nyingi mpaka upate kifundo kinachozuia mdomo wa chupa usishuke zaidi. Sasa vaa chupa kwenye bomba ukiwa umepaka oringi tone la mafuta ya kupikia. Inatakiwa iingie kwa kusukuma kidogo na kutulia juu ya kifundo.

Hapa pana ufundi, nenda taratibu. Chupa ikiwa imekaa kwenye bomba, angalia shingo yake: kuna pete ya plastiki iliyotokeza, juu kidogo ya mahali kifuniko kilipokuwa, maana chupa imegeuzwa. Panga tai zako 10 kuzunguka bomba, mikia ikielekea chini na vichwa vikielekea juu, kila kichwa kikiangalia ndani na kuikamata ile pete. Mikia ishikilie kwa tepu kwanza, kisha ikaze kwa klipu mbili za chuma chini ya kifundo, ukihakikisha vichwa vyote viko kwenye mstari mmoja. Kimoja kikikaa chini kuliko wenzake hakibebi kitu, wenzake ndio wanaoumia. Kwa psi 60 chupa inavuta kuelekea juu kwa nguvu ya kama kilo 15, na tai zote lazima zigawane mzigo huo.

Kile kipande cha bomba la inchi moja na nusu ndicho pete ya kufungia. Kipitishe kutokea chini ya bomba kabla hujafunga elbo, kipandishe juu kifunike vichwa vya tai. Kinapovifunika, vichwa haviwezi kufunguka, chupa imefungwa. Kinaposhuka, vichwa vinatawanyika, chupa imeondoka. Kiteleze bila kulegalega. Kikibana sana piga msasa kwa ndani. Toboa matundu mawili yanayotazamana kwenye ukingo wake wa chini, funga kamba mbili fupi, ziunganishe na kamba ndefu.

Simamisha bomba kwenye kipande cha ubao wa mbili kwa nne kilichopigiliwa juu ya ubao mpana wa sentimita 40 kwa 40, ukilikaza kwa vibano sehemu ya chini pekee ili pete ipate nafasi ya kushuka. Kamba ipite kwenye misumari miwili iliyopindwa kama kulabu pale chini, ili ukivuta ukiwa mbali, pete ishuke wima badala ya kuvutwa upande. Hili nililijua baada ya kuangusha kirushio chote kwa kamba iliyovuta kimshazari.

Malizia na elbo chini, nipo, mpira wa mita 5, na vali upande wa mbali. Nyuzi zote zizungushe tepu nyeupe, mpira ukaze kwa klipu pande zote mbili. Angalia faida ya kuweka vali mbali: roketi ikigoma kuondoka, unabonyeza pini ya vali ukiwa palepale ulipo na hewa yote inatoka. Hakuna mtu anayeifuata chupa iliyojaa upepo.

Hatua ya pili: roketi

Chupa ya kwanza ndiyo tangi. Usiitoboe, usiikwaruze kwa msasa, usiipashe moto, usiipake gundi kali. Gundi ya moto inalegeza plastiki, kwani PET huanza kulainika ikikaribia nyuzi 70 hadi 80 za sentigredi. Kila kitu kinashikwa kwa selotepu.

Chupa ya pili inatoa pua. Kata sehemu yake ya juu, ile iliyoinama kama faneli, kisha kata shingo yake utupe. Weka mpira wa tenisi kwenye kitako cha tangi, ufunike kwa faneli hiyo, kiasi cha mpira kichungulie juu. Zungusha selotepu mara tatu. Mpira wa tenisi una gramu 58 hivi, na unafanya kazi mbili: unaweka uzito mbele, na unaifanya roketi itue kwa kitu laini. Kamwe usiweke bolti, betri wala jiwe kwenye pua.

Mapezi ni matatu, kila moja kama sentimita 10 kwa 7, yamekatwa kwa mshazari na yana mkunjo wa sentimita moja na nusu wa kushikia. Yabandike kwenye mkanda mpana uliokatwa katikati ya chupa ya tatu, kisha uvishe mkanda huo kwenye tangi upande wa shingo. Yagawe kwa usawa na yawe yamenyooka. Pezi lililopinda litaifanya roketi izunguke kama feni.

Kisha jaribio ninalolipenda kuliko yote. Roketi ikiwa tupu, tafuta mahali inapokaa sawasawa juu ya kidole, funga hapo uzi wa mita mbili, nenda uwanjani uizungushe kichwani kama mchunga anavyozungusha kombeo. Pua ikitangulia muda wote, roketi itaruka vizuri. Ikienda kiubavu au kinyumenyume, ongeza uzito kwenye pua au ukubwa wa mapezi. Ya kwanza ya mpwa wangu ilienda kinyumenyume. Aliongeza tonge la udongo wa mfinyanzi nyuma ya mpira wa tenisi, ikatii mara moja.

Hatua ya tatu: jaribio la maji

Usiruke hatua hii. Jaza tangi maji mpaka juu kabisa, lichomeke kwenye kirushio, funga pete. Kilaze ndani ya shimo au nyuma ya ukuta mfupi, funika na gunia lililolowa. Nenda mwisho wa mpira, vaa miwani ya usalama, pampu taratibu mpaka psi 80. Hewa iliyobaki ni ile ya kwenye mpira tu, kwa hiyo chupa ikipasuka itamwaga maji bila mlipuko.

Subiri dakika tano. Sindano ya geji ikishuka, kuna mvujo: toa hewa yote, kisha rudia kwa psi 10 tu, ambapo unaweza kusogea na kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Mara nyingi ni klipu ya nipo. Baada ya jaribio angalia chupa. Ukiona mistari myeupe kwenye plastiki au shingo imepinda, chupa hiyo imekwisha.

Hatua ya nne: uwanjani

Uwanja wa mpira wa miguu unatosha, ukiwa hauna watu na hauna nyaya za umeme karibu. Omba ruhusa kwa wenye uwanja. Sisi wa Tanga tunatoka asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka, maana upepo ukikaza roketi hufuatwa barabarani.

Tia nusu lita ya maji kwenye roketi. Iache imesimama kitako chini, geuza kirushio kichwa chini, chomeka bomba, pandisha pete, kisha geuza vyote pamoja, pigilia vigingi kirushio kisitikisike, na kiinamishe kidogo kuelekea upande usio na mtu. Kwa kuwa bomba lina sentimita 22 ndani ya chupa, mdomo wake unabaki juu ya usawa wa maji, na maji hayaingii kwenye mpira.

Kuanzia hapo watu wawili tu wana kazi: anayepampu na anayeshika kamba, wote mita 5 kutoka kirushio na wote na miwani. Wengine wakae mita 20 nyuma. Mara ya kwanza ishia 30. Ikienda sawa, nenda 40, kisha 50.

Siku yetu ya kwanza mpwa wangu ndiye aliyeshika kamba. Nilipampu, nikamwambia, "Thelathini." Akanitazama. "Mjomba, nivute sasa?" Nikamwambia ahesabu kwa sauti, wadogo zake wasikie. Tano, nne, tatu. Alipovuta, ubao ulitikisika, matone yakatupiga usoni, na yeye alibaki anatazama kirushio kitupu wakati watoto wote wameshainua shingo juu. Alisahau kabisa kuiangalia ikipaa. Tuliirusha mara tisa asubuhi hiyo.

Roketi ikigoma, usisogee. Tikisa kamba mara moja. Isipoondoka, bonyeza pini ya vali, toa hewa mpaka geji isome sifuri, ndipo uende. Na roketi inapoteremka kila mtu aikodolee macho, asijaribu kuidaka. Kutoka mita 40 inakuja kwa kasi ya kuumiza hata kwa pua laini.

Kupima urefu iliofika

Chukua kipimapembe cha shule, funga uzi wenye nati katikati ya upande ulionyooka. Simama mita 40 kutoka kirushio, tazama roketi kwa kufuata upande huo ulionyooka, na mwenzako asome pembe uzi unapokaa wakati roketi iko juu kabisa. Toa namba hiyo kwenye 90, upate pembe ya kutazama juu. Zidisha mita 40 kwa tanjenti yake, kisha ongeza urefu wa macho yako kutoka ardhini. Pembe ya 45 ni tanjenti 1, yaani mita 40 na urefu wa macho yako. Pembe ya 50 ni 1.19, kama mita 48 kabla ya kuongeza.

Andika kwenye daftari maji, psi na pembe, ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara. Rusha bila maji kabisa: inaruka kidogo na kuanguka. Rusha na lita moja: inapanda kivivu na maji mengi hayajatoka. Hapo mtoto anaiona theluthi mwenyewe bila kuambiwa, na kwa maoni yangu hiyo nusu saa ya daftari ina thamani kuliko kirushio chote.

Chupa yangu moja haivuki mara 10. Naandika alama kwa kalamu ya wino mzito kila inaporushwa. Alama ya kumi ikifika naikata mkanda wa mapezi ya roketi inayofuata. Kirushio kinakaushwa, oringi inapakwa mafuta, mpira unaning'inizwa kivulini, na pampu inarudi kwenye baiskeli.